Mbwa Mkali au Mbwa Mwoga? Hulka ya Kurithi kwa Mbwa wa Ulinzi Hapa Tanga

Anayetafuta mtoto wa mbwa wa ulinzi hapa Tanga, awe mkazi wa Raskazone au wa Pongwe, huuliza swali lilelile: "Wazazi wake wakali?" Muuzaji naye ana jibu tayari: "Wakali sana. Mama yake akiwa na watoto hata mimi simsogelei." Jibu hilo hupandisha bei, ilhali lingetosha kumfanya mnunuzi ageuze baiskeli yake arudi zake. Jike asiyemwamini hata mtu anayempa ugali kila siku si mlinzi. Ni mwoga mwenye meno, na watoto wake watauchukua woga huo mara mbili: kwanza katika damu, kisha katika wiki nane za kumtazama mama yao akinguruma kila mlango wa banda unapofunguliwa.

Nyumba nyingi za mjini zinafuga mbwa wa namna hiyo bila kujua. Anabweka usiku kucha, kwa hiyo anaonekana yuko kazini. Anamng'ata fundi bomba, mtoto wa jirani, shangazi aliyekuja kutoka Lushoto. Siku mwizi akija na jiwe mkononi, anaingia chini ya gari.

Kinachopita katika damu

Mbwa harithi ukali kama anavyorithi rangi ya manyoya. Anachorithi ni vipimo vitatu vya namna mwili wake unavyoitikia jambo. Cha kwanza ni kizingiti: jambo liwe kubwa kiasi gani ndipo aitikie. Yupo anayeruka kwa sababu kuti limeanguka, na yupo asiyenyanyua kichwa mpaka geti liguswe. Cha pili ni nguvu ya mwitikio ukishaanza. Cha tatu, ambacho wauzaji hawakitaji kabisa, ni muda anaochukua kutulia jambo likishapita.

Kwangu hiki cha tatu kina uzito kuliko vile viwili vya mwanzo vikijumlishwa. Mbwa mwenye kizingiti cha chini anayetulia upesi anafaa sana kwa ulinzi: anaamka haraka, anakagua, analala tena. Mwenye kizingiti cha chini asiyetulia ni mzigo. Kishindo cha bodaboda ya saa mbili asubuhi bado kimo mwilini mwake saa nne, na anayelipia ni mama wa mboga aliyegonga geti kwa adabu zake zote.

Kwamba vipimo hivi hurithiwa, ushahidi upo. Mwaka 1959 Dmitri Belyaev, mtaalamu wa urithi wa Kirusi, alianza kuchagua mbweha wa rangi ya fedha huko Novosibirsk kwa kigezo kimoja tu: anaitikiaje mkono wa mtu. Kila kizazi walizalishwa wachache mno, madume 4 au 5 katika kila 100 na majike 20 hivi katika kila 100. Kufikia kizazi cha kumi, mbweha 18 katika 100 walikuwa wakimfuata mtu huku wakitikisa mkia na kulialia kama watoto wa mbwa. Kufikia cha ishirini walikuwa 35. Sambamba na hao ulizalishwa mkondo mwingine, wa wakali. Watoto wa mkondo mmoja walipolelewa na mama wa mkondo mwingine, walibaki na hulka ya waliowazaa.

Hebu zirudie namba hizo za uchaguzi. Pamoja na ubaguzi wote ule, kizazi cha kumi hakikufikisha hata mbweha mmoja katika watano aliyekuwa mpole kiasi hicho. Mfugaji wa Chumbageni mwenye majike mawili na dume la kuazima hachagui chochote. Anazalisha alicho nacho, halafu anakiita mbegu.

Windo lililokatwa vipande

Mbwa wa kazi walitengenezwa kwa kuchukua silika ya mwindaji na kuikatakata. Mwindaji kamili huona, hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, hudaka, huua, hurarua, hula. Boda koli wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti alikuzwa macho, kunyemelea na kukimbiza, huku kudaka kukifinywa, ili asiwajeruhi kondoo. Malinwa wa Ubelgiji ana kukimbiza na kudaka kwa kiwango ambacho watu wengi hawakiwezi nyumbani. Rotwaila alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe, anayesukuma kwa kifua na kukabili mnyama mzito bila kurudi nyuma. Kangali wa Uturuki yeye karibu silika yote ya windo imezimwa: analala katikati ya mbuzi, na kazi yake ni kusimama baina yao na chochote kinachokuja. Ndiyo sababu tangu 1994 mbwa wa jamii hiyo wamekuwa wakigawiwa wafugaji wa Namibia kulinda mifugo dhidi ya duma. Hafukuzi mbali. Anabweka, anasimama, na duma, ambaye hapendi ugomvi wa kuumia, anakwenda kutafuta chakula kwingine.

Kwa mwenye nyumba wa Tanga jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Mji huu ni wa baiskeli. Mbwa mwenye kukimbiza na kudaka kwa nguvu, akiachiwa kwenye ua wenye uzio wa michongoma unaoonyesha barabara, atashinda anakimbiza magurudumu. Huo si ukali, wala hana chuki na mwendesha baiskeli. Anawinda. Kumpiga hakusaidii, kwa sababu silika ya windo huburudisha yenyewe bila kungoja tuzo. Kinachosaidia ni kumzibia asione: mabati au matofali sehemu ya chini ya uzio, kimo cha mita moja na nusu, na kila siku apewe windo la halali, mpira au gunia lililofungwa kamba, dakika kumi asubuhi na kumi jioni kabla ya chakula.

Meno ya kujiamini na meno ya woga

Wanaofundisha mbwa wa polisi na wa ulinzi hutenganisha vyanzo vitatu vya kung'ata. Kuna kung'ata kwa windo, ambako mbwa ana furaha, mkia juu, kimya au akibweka kwa sauti nyembamba ya haraka. Kuna kung'ata kwa kujilinda, ambako anaamini yuko hatarini: manyoya ya mgongo yamesimama, midomo imevutwa nyuma mpaka magego yanaonekana, uzito uko miguu ya nyuma. Na kuna kukabili kwa kujiamini, ambako ni adimu: mbwa anasonga mbele, midomo imekunjamana juu ya meno ya mbele tu, sauti nzito, macho hayabanduki.

Mfugaji aliyewahi kuona mbwa akishika gunia anaweza kuvitofautisha kwa mdomo peke yake. Anayejiamini hushika kwa mdomo wote mpaka magego, hutulia pale, habadilishi. Mwoga hudonoa kwa meno ya mbele, huachia, hudonoa pengine, na akipata nafasi hupitia nyuma. Angalia alama kwenye miguu ya watu waliong'atwa mtaani: nyingi ziko nyuma, kwenye kigimbi. Mtu alikwishapita. Mbwa alingoja kisogo.

Woga kidogo si kasoro. Mbwa asiye na tahadhari yoyote hafai kulinda kitu. Tatizo ni kujilinda kunapokuwa chanzo pekee. Mbwa huyo ana njia mbili tu, kushambulia au kukimbia, na anayechagua njia ni mgeni, kwa namna anavyosogea. Mwizi mzoefu analijua hilo kuliko mwenye mbwa.

Hesabu ambayo muuzaji haifanyi

Wasweden wamewapima mbwa wao kwa utaratibu mmoja kwa miaka mingi. Mbwa hukutanishwa na mtu mgeni, huchezeshwa, huonyeshwa kitu kinachokimbia, hushtushwa na sanamu ya mtu inayoinuka ghafla mbele yake, husikilizishwa mnyororo ukiburutwa juu ya bati, hukabiliwa na watu wawili waliojifunika shuka nyeupe wakimjia polepole, na mwisho hufyatuliwa risasi baridi, ya mlio tu. (Sisi shuka hatuzihitaji: mzee mwenye kanzu akitoka msikitini baada ya isha anatosha kumpima mbwa wa Ngamiani.) Uchambuzi wa mbwa 15,329 wa aina 164 uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa uchezaji, udadisi, hamu ya kukimbiza na upole kwa wageni huenda pamoja kama mhimili mmoja, kutoka woga hadi ujasiri. Ukali ulikaa kando, haukufuata mhimili huo. Kwa hiyo unaweza kupata jasiri mpole na mwoga mkali, na mtu anayezalisha kwa kuangalia ukali peke yake hajui anaburuta nini nyuma yake.

Kwa shepadi wa Kijerumani na rotwaila, sehemu ya ujasiri inayotokana na urithi ilikadiriwa kuwa karibu robo. Tuifanyie hesabu. Tuseme ujasiri unapimwa kwa alama 0 hadi 10, wastani wa mbwa wa aina hiyo ni 5, nawe umepata dume na jike wenye wastani wa 8. Wamezidi kwa 3. Robo ya 3 ni 0.75. Watoto wao watarajiwe kuwa na wastani wa 5.75, tena wakiwa wametawanyika huku na huku, yupo wa 3 na yupo wa 8. Ndiyo maana bingwa aliyeletwa kutoka Nairobi kwa fedha nyingi huzaa watoto wa kawaida, na watu huanza kumtilia shaka aliyeuza.

Kosa hapa ni kumfikiria mbwa kama mkonge. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, iliyopona safari ilikuwa 62 tu, lakini mkonge huzaa vichipukizi juu ya mlingoti wake, na kila kichipukizi ni nakala ya mama. Kutokana na hiyo 62 yakajaa mashamba kuanzia Pangani hadi Korogwe. Mbwa hana nakala. Kila mtoto ni kete mpya.

Jina la aina nalo halibebi kila kitu. Mwaka 2022 utafiti uliohoji wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya zaidi ya mbwa 2,000 ulikuta kuwa aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Wengine wameifurahia namba hiyo kupita kiasi wakasema damu si kitu. Sivyo. Inachosema ni kwamba jina pana kama "shepadi" linafunika mikondo mingi isiyofanana. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha shepadi wa Kijerumani mwaka 1899, akimtanguliza dume aliyemwita Horand von Grafrath, alitaka mbwa wa kazi, na mpaka leo Ujerumani ina ukaguzi wa wazazi kabla ya kuzalisha. Katika mtihani wa kazi hupigwa risasi baridi, na mbwa anayeogopa mlio anaondolewa hapo hapo hata kama ana umbo la kupigiwa picha. Mkondo unaopita kwenye chujio hilo kizazi baada ya kizazi hauwezi kulinganishwa na uliochaguliwa kwa mgongo mteremko na rangi nyekundu. Shepadi wengi wa kwetu hawana karatasi za mkondo wowote. Kwa hiyo karatasi zao ni wazazi wenyewe, na wazazi lazima uwaone.

Kumkagua mama

Baba mara nyingi hayupo, ni wa kuazima. Mama yupo, na mama ana uzito zaidi kwa vile analea. Nenda mara mbili, mchana na baada ya magharibi. Usikubali kumwona akiwa nyuma ya nondo tu. Nyuma ya nondo kila mbwa ni simba. Mwambie mwenye mbwa amtoe kwa kamba kwenye uwanja asiouzoea, hata kama ni barabara ya nje.

Simama mita tano, ubavu umwelekee yeye, usimtazame machoni. Mwenye hulka nzuri atabweka au atanyamaza, atakukagua, kisha atarudi kwa bwana wake au kunusa ardhi ndani ya dakika moja au mbili. Asiyeacha kubweka kwa dakika tano ilhali hujasogea, tia alama. Anayejificha nyuma ya miguu ya bwana wake halafu anachomoka kukudonoa ukigeuka, funga daftari.

Kisha mfuniko wa sufuria. Mtu mwingine aubwage juu ya saruji, mita tatu nyuma ya mbwa, bila yeye kuona. Kushtuka si kosa, kila kiumbe hushtuka. Hesabu sekunde mpaka ageuke kuuangalia, kisha mpaka akubali kuusogelea na kuunusa. Mbwa wa kuzalisha atakuwa ameunusa ndani ya sekunde kumi na tano au ishirini. Anayetaka kuondoka uwanjani, anayegoma kupita pale tena, au anayemgeukia kwa meno mtu aliyeshika kamba, usichukue mtoto wake hata wa bure. Rudia na mwavuli unaofunguliwa ghafla mita nne mbele yake. Mwisho mpitishe juu ya turubai linalong'aa au bati lililolazwa chini. Mbwa wa damu ya woga hugoma kwenye sakafu ngeni hata kwa nyama.

Vipimo hivi ni vya wakubwa. Vile vya kuwageuza watoto chali wakiwa na wiki saba ili kumjua "kiongozi" vina sifa kubwa kuliko faida. Wasweden waliwafuatilia watoto waliopimwa katika wiki ya nane mpaka wakawa wakubwa, na alama za utotoni hazikutabiri kazi ya ukubwani. Kwa mtoto mimi huangalia mambo mawili tu: akishtuka anarudi, na akiokotwa na mgeni analegea baada ya muda mfupi.

Uliza pia undugu. Mji mdogo, madume machache, na baba kurudiwa kwa binti yake ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Baba na binti, au kaka na dada wa tumbo moja, hutoa watoto wenye kiwango cha undugu cha asilimia 25. Waliochangia mzazi mmoja, 12.5. Woga uliokuwa umejificha upande mmoja hukutana na mwenzake, na pamoja nao huja nyonga mbovu, na nyonga inayouma ni sababu nyingine ya kung'ata.

Wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili

Hapa ndipo pwani yetu ina shida yake yenyewe. Dirisha la mtoto wa mbwa kuzoea watu na ulimwengu hufunguka wiki ya tatu na kuanza kujifunga kuanzia ya kumi na mbili. Asichokiona ndani ya wiki hizo, baadaye hukihesabu kuwa hatari mpaka athibitishiwe vinginevyo. Sasa nyumba nyingi hapa ni za Kiislamu, na madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yanahesabu unyevu wa mbwa kuwa najisi. Kumfuga kwa ulinzi, kuwinda au mifugo kumeruhusiwa, lakini watu hawataki usumbufu wa kuosha mara saba moja kwa udongo, kwa hiyo mtoto wa mbwa anakabidhiwa mlinzi, anawekwa nyuma ya nyumba, na mpaka anatimiza miezi minne amemfahamu binadamu mmoja. Halafu tunashangaa anapotaka kula wengine wote.

Undani wa fikihi muulize sheikh wako. Ila kanuni inayojulikana na mafakihi, kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi, inaacha nafasi kubwa ya kufanya kazi. Mtoto mkavu, mkono mkavu, glavu za mpira kwa anayehofia ulimi, nguo moja iliyotengwa, na bomba pembeni. Wengine hawahitaji hata kumgusa. Kukaa kwenye kigoda mita mbili kutoka kwake na kumtupia vipande vya dagaa kunafundisha karibu yote yanayotakiwa.

Lengo langu ni watu wageni watatu au wanne kwa wiki, wasiofanana. Awaone wenye kanzu, buibui na nikabu, mzee wa mkongojo, mtoto wa chuoni anayekimbia, mtu aliyebeba mzigo kichwani, mwenye kofia ya pikipiki, mwanamume mwenye ndevu, mtu anayechechemea. Asikie adhana ya kipaza sauti kwa karibu, bajaji, honi ya meli, ngoma ya harusi kwa mbali kisha karibu. Kila kimoja kiende na kitu kitamu, na umbali uwe ule ambao bado anaweza kula. Akikataa dagaa, umemsogeza mno. Rudi nyuma mpaka ale. Dakika tano zinatosha. Kati ya wiki ya nane na ya kumi wengi hupita kipindi cha kushtuka kwa urahisi, na tukio moja baya, kama kukanyagwa au kupigwa fagio, linaweza kukaa maisha. Wiki hizo punguza mambo makubwa, usizidishe.

Anayeogopa parvo, ugonjwa wa kuhara wa watoto wa mbwa, ana haki ya kuogopa, kwa maana unaua. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Katikati ya hapo mbebe kwenye kikapu, asikanyage chini mahali wanapopita mbwa wengine, na ulimwengu autazame akiwa humo. Na asitoke kwa mama yake kabla ya wiki ya nane. Wanaouzwa na wiki tano hawajafundishwa na ndugu zao kupima nguvu ya taya, na mabwana zao wapya ndio wanaopata somo hilo.

Fungia mchana, fungulia usiku

Utaratibu huu umeenea, na unachukua mbwa wa hulka ya wastani ukamfanya hatari. Banda la mita moja na nusu kwa mita moja, mara nyingi karibu na geti, bati juu. Joto la Tanga lina unyevu, na mbwa hupoa kwa kuhema. Hewa ikiwa imejaa maji, kuhema hakupozi vya kutosha. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likivuka 40 yuko taabani. Mnyama aliyeshinda namna hiyo ana kizingiti cha chini kabla hata mtu hajamkaribia.

Kukaa getini ndiko kubaya zaidi. Mpita njia anakuja, mbwa anabweka, mpita njia anaendelea na safari zake. Kwa mbwa, huyo amefukuzwa. Amelipwa. Mchana mmoja analipwa mara mia, na kila malipo yanamfundisha kuwa mtu akisogea inafaa kuanza mapema na kwa nguvu. Hamisha banda nyuma au ubavuni mwa nyumba, chini ya mwembe au mwarobaini, paa la makuti, sakafu isiyopungua mita mbili kwa tatu, maji lita tatu hadi nne kwa siku kwa mbwa wa kilo 30. Mtoe asubuhi na jioni.

Kumchokoza kwa fimbo na gunia akiwa na miezi mitano "ili awe mkali" huharibu hata damu nzuri. Silika ya kulinda hukomaa kati ya miezi kumi na minane na mwaka wa tatu. Kabla ya hapo mtoto akitishwa hana cha kujibu ila woga, na woga huo ndio anaoujenga kila siku. Malinwa na rotwaila wa miezi minane anayemchezea mgeni hajaharibika. Mwache akue. Pilipili, bangi na damu mbichi havibadilishi hulka yoyote. Vinaweza kumdhuru tu.

Akibadilika ghafla

Hulka haibadiliki kwa usiku mmoja. Mbwa mzima aliyekuwa mtulivu akaanza kung'ata ndani ya siku chache ni mgonjwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Sikio lenye usaha, homa ya kupe, jino, nyonga. Na kabla ya hayo yote, kichaa cha mbwa: sauti iliyobadilika, udende, kushindwa kumeza, kutangatanga, kung'ata hata mawe. Usimshike. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Mbwa aliyechanjwa anayeonekana mzima afungiwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe kwa hasira, maana akiuawa na kuzikwa hakuna atakayejua alikuwa na nini.

Nani azalishwe

Dume wala jike asizalishwe kabla ya miezi 18, na kwangu miezi 24 ni bora, kwa sababu kabla ya umri huo hujui una mbwa gani. Andika alama za mfuniko, mwavuli, turubai na mtu mgeni, mara mbili kwa miezi sita. Aliyeshindwa kutulia mara zote mbili hazalishwi hata kama ni mrembo na ana kilo 45. Fuatilia watoto wa mkupuo wa kwanza mpaka watimize mwaka mmoja na nusu. Piga simu, uliza nani ameng'ata nani, na kwa namna gani. Wakiwa waoga watatu kati ya saba, mama huyo asirudiwe, wala dume lile.

Wengi hudhani kuhasi kutamaliza ushari. Kuhasi hupunguza kuzurura kufuata majike na ugomvi wa dume kwa dume. Kwa mbwa mwoga hakuleti ujasiri, na kuna waoga wanaozidi woga baada yake. Hata hivyo mhasi, ila kwa sababu nyingine: asizae. Kisha mzoeze kikapu cha mdomo, kile cha kumzuia kung'ata, kabla hajakihitaji, siku saba hadi kumi, kwanza kikiwa na dagaa ndani bila kufungwa, halafu kifungwe sekunde tano, halafu dakika, mpaka siku ya daktari akivae kama anavyovaa ukanda wake wa shingoni.

Na kwa nyumba ambayo kazi yake ni kujua tu kwamba kuna mtu uani, nadhani shepadi wa bei hahitajiki. Koko wa vijiji vya Muheza na Mkinga amechujwa kwa vizazi vingi na kigezo kimoja kigumu: anayeng'ata ovyo haishi mpaka kuzaa. Ana kilo 15, anakula mabaki na vichwa vya samaki, joto halimsumbui, na anamtambua mgeni kwa hatua zake. Mchukue wa wiki nane kutoka kwa mama anayekuja akiitwa, mpe zile wiki nne za kanzu, baiskeli na adhana, na umlaze mahali anaposikia geti bila kuliona.